Dakika 20 za kwanza za moteri si za fundi peke yake

Kila mara mvua zinapoanza, kwetu kwenye mashimo upande wa Misisi jambo ni lile lile. Maji inapanda, pompi zinatakiwa mchana na usiku, na moteri zilizochoka kiangazi kizima zinaanza kukohoa. Timu inachanga, inapakia moteri juu ya gari, inateremka nayo kupita Lulimba na Fizi mpaka Baraka. Fundi anaifungua, anaweka vyuma vipya, inarudi mlimani. Kiisha siku tatu, mara nyingine siku moja tu, imekufa tena. Maneno yanayofuata wote mnayajua: fundi ni mwizi, pise ni ya uongo, watu wa shimo la jirani wametufanyia dawa.

Sisi pia tumeyasema. Leo tunataka kusema jambo ambalo halitawafurahisha wenzetu wote: nyingi ya moteri hizo tunaziua sisi wenyewe, tena kwa nia nzuri, katika nusu saa ya kwanza. Na tunaona kwamba nusu saa hiyo inapaswa kuhesabiwa kuwa kazi ya timu nzima, ilipwe kama kazi nyingine, iandikwe kwenye kaye ya depanse kabla ya mtu yeyote kugawa gramu.

Moteri yetu karibu kila mlima wa dhahabu unaijua. Ni ile ya Kichina ya silinda moja iliyolala, S195, nguvu ya farasi 12, yenye tanki la maji wazi juu yake na manivela ya kuzungusha kwa mkono. Msimu wa mvua uliopita ilipoteza nguvu. Tukaiteremsha Baraka. Fundi akaifungua, akaona pistoni na segma zimekwisha, na arbakamu imelika. Kwa wasiojua, arbakamu ni ile chuma ndefu yenye vinundu, na kila kinundu, ndio kamu, kikizunguka kinasukuma puswari. Puswari inasukuma fimbo, fimbo inafungua supapu. Kinundu kikilika, supapu haifunguki sawasawa: hewa haiingii ya kutosha au moshi hautoki, na moteri inakuwa kama mtu anayepumua kwa pua moja.

Fundi alituambia: "Arbakamu mpya, na puswari pia mpya." Tukauliza bei. Kiisha tukajifanya mafundi, tukamwambia zile puswari za zamani bado zinang'aa, azirudishe. Akazirudisha. Siku ya kuondoka akatupa neno moja: "Mwende nayo pole pole." Tukamlipa, tukapanda gari.

Sasa, pole pole ni nini? Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Tulifika usiku, tumechoka na barabara, mvua inanyesha. Mkubwa wetu wa timu akasema: tuiwashe, tuiache ralanti usiku mzima, izoee, kesho tuipatie kazi. Wote tuliona ni akili. Moteri mgeni, umeipokea nyumbani, huwezi kuipatia jembe siku ileile. Ikalia taratibu mpaka asubuhi, sauti nzuri kabisa, tukalala tukiisikia kama muziki.

Siku ya tatu ikaanza kutoa moshi mweusi na kugonga, tok-tok-tok, upande wa supapu. Saa tisa pompi haikuweza tena kupandisha maji. Wenzetu wawili waliokuwa chini walikuwa wamepanda kula. Jioni maji ilikuwa imefunika mbao za pili, na usiku ule ukuta mmoja ukaanguka ndani. Hakuna mtu aliyekuwa humo. Tunamshukuru Mungu, lakini hatuwezi kusema ni akili yetu iliyotuokoa, ni njaa.

Tuliyopoteza hayakuwa moteri tu. Shimo lilibidi lichimbwe upya kwa karibu wiki mbili. PDG wetu alikopa kwa negosia ili watu wale, na anayekopa kwa negosia anajua dhahabu yake itapimwa kwa mzani wa nani na kwa bei ya nani. Mama watwangaji waliokuwa wakingojea mawe yetu walikaa na vinu vitupu. Watoto wawili wa timu yetu walirudishwa nyumbani juu ya minerval. Ndiyo maana tunaandika habari ya chuma katika gazeti linalosomwa na familia: chuma kile kinakaa katikati ya sahani.

Tulirudi Baraka tukiwa na hasira, na wengine kati yetu walitaka kumpeleka fundi polisi. Mzee mmoja aliyezeeka akitengeneza moteri za mashua za ziwa ndiye aliyetuzuia. Akasema moteri ifunguliwe mbele ya wote, fundi akiwepo na sisi tukiwepo, kiisha ndio watu wapigane kama bado wanataka. Ikafunguliwa. Kamu moja ilikuwa imelika mpaka imekaribia kuwa mviringo, na chini ya puswari yake kulikuwa na shimo dogo kama alama ya kidole. Mafuta ilikuwa nyeusi, ndani yake unga wa chuma unametameta.

"Munaona hii?" mzee akauliza. "Inapashwa kuwa na pua sawa yayi. Pua yake iko wapi? Muliiwasha namna gani siku ya kwanza?"

"Tuliiacha ralanti, mzee. Usiku muzima. Pole pole."

Hakucheka. Alisema: "Basi mulikuwa munaisugua kavu usiku muzima."

Tulichojifunza siku ile tunakiandika hapa kwa sababu hatujawahi kukisikia mlimani. Kamu mpya na puswari mpya zinapokutana bado hazijajuana. Uso wa kila moja, hata ukiuona laini, una vijinoti vidogo visivyoonekana. Dakika za kwanza zinasuguana mpaka zinapatana, kila puswari na kamu yake, na kiisha kupatana zinaweza kufanya kazi miaka. Zikishindwa kupatana, ile ngozi ngumu ya juu inachubuka, na ndani yake chuma ni laini zaidi. Hapo hakuna dawa.

Lakini arbakamu inapata wapi mafuta? Katika moteri nyingi za aina hii hakuna mfereji unaomwagia kila kamu mafuta yake. Inangojea matone yanayorushwa na vilbreke ikizunguka. Vilbreke ikienda mbio, mafuta inaruka kama mvua. Ikienda ralanti, inadondoka tone moja moja. Na kuna jambo la pili ambalo lilitushangaza: mwendo ukiwa mdogo, ndipo resori ya supapu inapobana zaidi pua ya kamu. Ni kusema ralanti inaleta mafuta kidogo na mbano mkubwa kwa pamoja. Moteri iliyokwisha kuzoea inavumilia. Mpya haivumilii.

Kwa hiyo pole pole ya arbakamu mpya maana yake ni bila mzigo, lakini kwa mwendo. Watengenezaji wa arbakamu za magari za namna hii wanaandika kwamba moteri ikishika moto ipelekwe mara moja kati ya mizunguko 2000 na 2500 kwa dakika, ikae hapo dakika 20 mpaka 30, ikipanda na kushuka kidogo, isiachwe ralanti hata kidogo. S195 yetu mwisho wake ni 2000, haiwezi kwenda huko. Mzee aliiweka chini kidogo ya mwisho wake, akawa anaipandisha na kuishusha kwa sikio, maana hatuna saa ya mizunguko. Piga hesabu: moteri ikienda 1600 kwa dakika, arbakamu inazunguka nusu yake, 800. Kwa dakika 20 kila kamu imepita kwenye puswari yake mara 16 000. Hizo ndizo salamu zao. Zinatosha.

Wale wanaofanya kinyume chetu nao wanakosea. Kuna timu zinafunga mkanda wa pompi au wa kinu cha kusagia mawe siku ileile, gazi mpaka mwisho, juu ya deni. Mzigo unaongeza joto kwenye segma ambazo bado hazijakaa, na supapu ya kutolea moshi inalazimika kufunguka wakati ndani ya silinda bado kuna nguvu kubwa ya moto. Kamu ndiyo inayolipa nguvu hiyo. Saa za kwanza baada ya zile dakika 20 moteri ipewe mzigo mdogo, kiisha nusu, ikibadilishwa mwendo, ndipo ipewe wote.

Mara ya pili tulifanya yote Baraka, kwenye uwanja wa fundi, asubuhi, kabla ya kupakia. Puswari mpya na arbakamu mpya pamoja. Puswari iliyokwisha kulika na kamu yake ya zamani ina umbo la yule wa kwanza. Ukimpa mwingine, inamchubua, hata kama kwa macho inang'aa. Fundi alipaka kamu zote grisi ile nyeusi nzito ya kufungia moteri, akamwaga mafuta juu yake kwa mkono kabla ya kufunga kifuniko. Kiisha akashughulika sana na mazutu. Tuliona anachelewesha kazi. Alikuwa anatoa hewa yote kwenye bomba, mpaka mazutu itoke bila mapovu, ili moteri ishike moto kwa manivela ya kwanza au ya pili. Ukizungusha nusu saa bila kushika, kila mzunguko unafuta ile grisi, na siku inapowaka kamu imekwisha kuwa kavu. Wangapi kati yetu wamezungusha moteri mpya kwa zamu, wanaume watano, huku tunaimba?

Ikawaka. Kijiti chekundu juu ya kifuniko kikapanda, ndio alama kwamba pompi ya mafuta inavuta. Kisipopanda, zima, usiulize mara mbili. Mwendo ukapanda mara moja. Mmoja akakaa na gazi, mmoja akaangalia maji ya tanki. Maji ile ikichemka si kosa, hizo moteri ndivyo zinavyojipoza, bora iongezwe kabla haijaisha. Dakika 25 kwa saa ya simu. Kiisha tukaizima, tukamwaga mafuta ikiwa bado ya moto ndani ya beseni safi, tukapitisha sumaku. Unga mwembamba kama wa penseli ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kucha si kawaida. Vyetu vilikuwa unga. Mafuta mpya, chujio ikaoshwa, na moteri ilipopoa fundi akapima tena nafasi ya supapu na kukaza kulase.

Juu ya mafuta tuna neno. Kinacholinda kamu wakati mafuta imekuwa nyembamba sana ni dawa ya zinki na fosfori iliyochanganywa ndani yake. Tangu 2004, kwa sheria ya API iitwayo SM, mafuta nyingi nyepesi za magari ya esansi zilipunguziwa fosfori mpaka asilimia 0.08, ili kulinda vyombo vya kusafisha moshi vya magari ya kisasa. Magari yale yanaweza kuvumilia, mengi yana magurudumu madogo kwenye puswari. Moteri yetu haina. Kwa hiyo mtu anayekuuzia mafuta ya gari jipya ya bei kubwa akisema ni bora kuliko zote, labda hakudanganyi, lakini si bora kwa moteri yako. Soma herufi kwenye bidoni: zinazoanza na S ni za esansi, zinazoanza na C ni za mazutu, kama CF-4 au CI-4. Na ile mafuta ya kupimwa kwa chupa kando ya njia, isiyo na jina wala kifuniko, tunajua bei yake inavuta. Itumie kwenye mnyororo wa moto. Si siku ya arbakamu.

Vijana wa mashua na wa Land Cruiser wanaoomba fundi awapandishie nguvu, hasa zile Land Cruiser za zamani za fimbo, wajue sheria hii kwao ni kali zaidi. Moteri ya kukimbia inafungwa resori ngumu ili supapu zisichelewe kwenye mwendo mkubwa, na resori ngumu inabana kamu mpya maradufu. Mafundi wa moteri za mashindano wanaweka resori laini kwa zile dakika za kwanza, wanaifungua tena, ndipo wanaweka ngumu. Kazi mara mbili. Ukimwona fundi anafanya hivyo usimwambie anatafuta pesa.

Kuna sababu nyingine ya kufanya rodaje mbali na shimo, na hii hatuijadili. Nusu saa ya moteri ni nusu saa ya moshi, na ndani ya moshi ule mna gazi isiyo na harufu wala rangi inayolalisha mtu bila kumuamsha tena. Moteri ikikaa mdomoni mwa shimo, upepo ukigeuka, gazi inateremka kwa walio chini. Siku ya kwanza ya moteri iliyotoka kwa fundi hakuna mtu ateremke: si juu ya moshi tu, hata juu ya maji, maana hujui kama pompi itafika jioni. Tunajua PDG wanaosema siku moja bila kuchimba ni hasara. Sisi tuliona ukuta ulioanguka, na tuliona sahani mbili za wale waliokuwa wamepanda kula.

Sasa tuje kwenye pesa, maana bila hiyo haya yote ni hadithi. Kwenye mashimo mengi desturi ni kwamba fundi analipwa moteri ikishawaka uwanjani kwake. Ikilia, kazi yake imekwisha. Ikifa mlimani, ugomvi unaanza, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Tunapendekeza malipo yagawanywe: sehemu moja ikiwaka, sehemu ya pili baada ya rodaje na mafuta kumwagwa mbele ya fundi na mtu wa timu, wote wawili wakiangalia beseni. Unga wa chuma hausemi uongo kwa upande wowote. Pale Baraka, kama tungefanya hivyo mara ya kwanza, fundi asingekubali kurudisha puswari za zamani, maana angejua atakuwepo siku ya kuzilipia. Na sisi tusingemlazimisha.

Wengine watatuambia: mafuta mara mbili, puswari mpya, siku moja ya fundi, nani analipa? Jibu letu ni kwamba leo analipa mchimbaji wa chini. Pompi ikilala, PDG anaandika deni, deni linakatwa kwenye dhahabu kabla ya mgawo, na aliyekuwa kwenye tope miezi miwili anarudi nyumbani na maneno. Kama gharama ya rodaje inaandikwa mapema kwenye kaye, pamoja na mbao na chakula, kila mtu anaiona na kila mtu anaweza kuibishia. Litra tatu na kitu za mafuta ni bei ndogo kuliko pompi kulala siku tatu. Tulihesabu zote mbili, kwa bahati mbaya tulianza na ile ya pili.

Serikali nayo iko na SAEMAPE, ile tuliyokuwa tukiiita SAESSCAM mpaka 2017, na kazi yake kwa jina lake ni kusaidia na kusimamia mchimbaji mdogo. Tunaomba siku moja ya mafunzo ifanyike mbele ya moteri iliyo wazi, si mbele ya karatasi. Waitwe mafundi wa Baraka, waitwe na wale wazee wa mashua za ziwa ambao ujuzi wao unakufa nao. Na waitwe mama pia. Kwetu anayekaa karibu na moteri mchana kutwa, akiuza chai na mihogo, ndiye wa kwanza kusikia ile tok-tok. Siku ya tatu ile, kabla pompi haijashindwa, mama mmoja alituambia asubuhi kwamba sauti imebadilika. Tukamjibu kwamba moteri ni mpya.

Sasa yeye ndiye anayeshika funguo ya tanki la mazutu. Akisema zimeni, tunazima. Juma lijalo moteri ya kinu inateremka Baraka, na kwenye kaye kuna mstari mpya chini ya mbao na chakula: puswari, mafuta mara mbili, siku ya fundi. PDG amekwisha kuubishia mara mbili. Mstari bado upo.